Yai la Kumenyeka Halianzi na Maji Baridi

Mayai pasua ya Nairobi hayana mahali pa kufichia kasoro. Muuzaji humenya yai mteja akimtazama, hulipasua kwa kisu, hulijaza kachumbari na chumvi, nalo huliwa papo hapo mkononi. Ganda likibanduka na mapande ya ute mweupe, kinachobaki ni yai lenye mashimo, dogo kuliko lililolipiwa. Nyumbani hasara ni ile ile, ila huwa tunaipokea kama bahati mbaya: tunalaumu kuku, tunalaumu duka, tunalaumu vidole. Ukifuatilia kinachotokea ndani ya ganda, utaona kwamba chanzo kikubwa ni kimoja, nacho kimo mikononi mwa mpishi: joto la maji pale yai linapoingia sufuriani.

Chini ya ganda zipo tando mbili nyembamba. Wa nje umegandamana na ganda, wa ndani umeufunika ute, na huachana upande butu tu, penye mfuko wa hewa. Anayemenya yai kwa shida hapambani na ganda. Anapambana na ule utando wa ndani uliong'ang'ania ute. Ute wenyewe ni maji yaliyojaa protini. Baadhi ya protini hizo huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na iliyo nyingi kuliko zote, ovalbumini, husubiri hadi karibu nyuzi 80. Yai likiwekwa kwenye maji baridi ndipo sufuria ibandikwe, ute unaogusana na utando hupata moto polepole, na protini zake hupata muda wa kunasa kwenye nyuzinyuzi za utando kabla hazijakamatana zenyewe kwa zenyewe. Likiteremshwa kwenye maji yanayotokota, tabaka la nje la ute huganda upesi, hujikaza, na kuachana na utando. Yai la kwanza limeiva likiwa limegundishwa. La pili limeiva likiwa limejitenga.

Hilo limepimwa. Mwaka 2019 mpishi na mwandishi wa Marekani J. Kenji López-Alt, akiandikia gazeti la New York Times, alieleza jaribio la mayai zaidi ya 700 yaliyomenywa na watu wa kujitolea wasiojua lipi limepikwa vipi. Mayai yaliyoanzia kwenye maji ya moto au mvuke yalimenyeka vizuri zaidi kuliko yaliyoanzia kwenye maji baridi. Uzito wa jaribio hilo uko katika wingi wake. Anayechemsha mayai 4 na kuyamenya vizuri hajathibitisha lolote, maana hata kwa njia mbaya yapo mayai yanayomenyeka.

Wapo watakaosema kwamba umri wa yai ndio unaoamua, na hoja yao ina msingi. Yai likitoka tu kutagwa, ute wake una pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 7.6 hivi. Kadiri siku zinavyopita, hewa ukaa hupenya kwenye maelfu ya vitundu vya ganda na kutoka nje, pH hupanda hadi kupita 9, na ute hulegeza mshiko wake kwenye utando. Ila tazama gharama ya kutegemea njia hiyo. Anayenunua trei ya mayai 30 sokoni hajui yalitagwa lini, na mwenye kuku wa kienyeji anataka kula yai lililotagwa leo. Isitoshe, yai lililokaa hupanua mfuko wake wa hewa na kiini chake huhama katikati, kwa hiyo ukilipasua linaonekana limepinda. Umri husaidia, lakini mpishi hauamuru, moto anauamuru. Magadi nayo hutiwa majini kwa kuiga kazi ya siku nyingi ya kupandisha pH, lakini dakika 10 au 12 ni chache mno kwa magadi kupenya ganda na kuubadili ute.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la nyufa: yai baridi likikutana na maji ya moto, hewa iliyomo hutanuka na ganda hupasuka. Ni kweli hutokea, na tiba zipo. Yatoe mayai kwenye friji mapema, yateremshe kwa upawa moja moja badala ya kuyadondosha, kisha punguza moto yasigongane. Au tumia mvuke: maji ya kina cha sentimita 2 au 3, yakitokota weka mayai na ufunike. Maji hayo machache huchemka upesi na mkaa huokolewa. Ufa ukitokea hata hivyo, ndipo chumvi na siki zina kazi ya kweli, kwa kuwa huharakisha kuganda kwa ute unaovuja kwenye ufa. Kulegeza ganda haziwezi. Wala mwinuko si kizuizi: hata Nairobi, ambako kwa sababu yake maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, joto hilo bado linapita nyuzi 80 zinazohitajika. Ongeza dakika moja tu.

Basi chemsha maji kwanza, mayai yafuate. Kwa kiini kilichoiva, hesabu dakika 11 au 12, kisha yahamishie kwenye maji baridi ili yasiendelee kuiva hadi kiini kizungukwe na ukijani. Gonga ganda pande zote, anza kumenya upande butu penye mfuko wa hewa, na hakikisha kidole kimepita chini ya utando. Maji baridi ni ya mwisho wa kazi. Yakitangulia, yai limeshashikwa.