Chui Wamepelekwa Darini

Mliokaa mbele ya televisheni Jumamosi usiku kutazama kipindi cha kupamba nyumba mliiona dakika ile. Mpambaji kapanda ngazi, kaushika ubao wa Tingatinga wenye mchoro wa chui kwa mikono miwili, kauliza, "Hapa?" Kijana wake aliyesimama chini akajibu, "Panda kidogo." Akapanda. "Kidogo tena." Akapanda tena. Msumari ulipogongwa, ukingo wa chini wa ubao ulikuwa mita 2 kutoka sakafuni, juu ya kochi refu, kwenye ukuta unaotazamana na madirisha makubwa. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa kimya tangu kipindi kianze, akauliza: "Mwanangu, mbona sasa siwaoni vizuri chui wangu?" Akajibiwa: "Utawazoea, mama. Ukuta unataka kupumua."

Mama hakuwa na la kuzoea. Macho yake yalimwambia kweli, na aliyekosea ni yule mwenye ngazi. Alikosea mara mbili kwa msumari mmoja: alikosea kimo, na kabla ya kimo alikosea ukuta.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nne nikiwa na karatasi na rula. Vigae vya sebule ile ni vya sentimita 60, kwa hiyo vipimo tunavyo bila kumsumbua mtu. Kochi linachukua vigae vinne, yaani mita 2.4. Ubao ni wa sentimita 60 kwa 60, kigae kimoja. Kinachotundikwa juu ya kochi hukaa vyema kikifikia kama theluthi mbili za upana wake, na hapo tungetafuta kitu cha sentimita 160 hivi. Tukapewa kigae kimoja juu ya vigae vinne. Mgongo wa kochi uko sentimita 85 kutoka chini, kwa hiyo kati ya kochi na picha pana sentimita 115 za ukuta mtupu. Pengo la sentimita 15 hadi 25 hushikanisha picha na kochi, jicho likavisoma kama kitu kimoja. Pengo la zaidi ya mita huvitenga: kochi likabaki chini peke yake, na chui wakabaki juu kama tangazo la ofisini.

Hilo la ofisini ndilo ugonjwa wetu, na nimelipigia kelele hapa miaka mingi. Tumejifunza kutundika kutoka kwenye kuta za ofisi na madarasa, ambako picha ya kiongozi hukaa juu ya vichwa vya watu kwa heshima ya cheo. Tukauchukua utaratibu huo tukauleta nyumbani. Sebuleni hakuna cheo, kuna watu waliokaa. Aliyekaa kwenye kochi ana macho sentimita kama 115 kutoka sakafuni. Anayepita koridoni ana macho sentimita 150 na zaidi. Ndiyo maana kitovu cha picha ya korido huwekwa sentimita 145 hadi 150, na cha sebuleni kinaweza kushuka zaidi ya hapo. Kitovu cha ubao ule sasa kiko sentimita 230.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana kosa la kimo lingerekebishwa kwa dakika tano. Rangi ya Tingatinga haina ufifi wa rangi ya maji. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka hadibodi kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, na waliomfuata wengi wakabaki nazo. Rangi hiyo ndiyo inayoifanya njano iwake na doa la chui lisimame kama limewekwa leo asubuhi. Lakini ikikauka inakuwa na uso wa kioo, na kioo kina sheria zake. Kilichosimama wima juu ya macho yako hukurudishia vilivyo juu zaidi yake. Kaa mita 3 kutoka ukuta ule, macho sentimita 115, tazama kitovu cha ubao: njia ya macho inapanda, inagonga ubao, inaendelea kupanda hadi kwenye dari la mita 3, na inalifikia kama mita 1.8 kutoka ukutani. Na zile taa tatu mpya walizozizamisha kwenye dari la jipsamu ziko wapi? Tazameni tena picha ya mwisho ya kipindi. Ziko juu ya pale kigae cha tatu kinapokutana na cha nne, mita 1.8 kamili. Mama akikaa kwenye kiti chake usiku, taa zikawashwa, anaona madoa matatu meupe: mawili juu ya chui mkubwa, moja kwenye mti. Kamera iliyaona pia.

Kuna watakaosema, basi ubao ushushwe tu. Nimelipima na hilo. Ukishusha kitovu hadi sentimita 145, njia ya macho ya mtu huyohuyo inarudi hadi ukuta wa mbele, mita 5 kutoka hapo, na kuufikia kwenye kimo cha sentimita 195. Hapo ndipo penye kioo cha dirisha. Ukikimbia taa za usiku unapokewa na jua la mchana. Ukuta unaotazamana na dirisha haufai kwa kitu kinachong'aa, ukipandisha au ukishusha. Kinachong'aa huwekwa kwenye ukuta wa ubavuni mwa dirisha, mwanga ukipita juu yake kwa upande bila kumrudia mtazamaji usoni.

Na ndiko ubao ule ulikokuwa! Mwanzo wa kipindi, kamera ilipozunguka nyumba kabla ya kazi, chui walikuwa kwenye ukuta wa ubavuni, karibu na meza ya chakula, kwa kimo cha mtu aliyesimama akipakua wali. Kila rangi ilionekana, hata mstari mwembamba wa masharubu. Aliyeutundika pale, awe mama au fundi wake, alijua kazi. Pale pa zamani pakawekwa nini? Turubai la kuchapishwa kwa mashine, daraja la London wakati wa mvua, kwa sababu kijivu chake "kinaongea na mito ya kochi". Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua ninavyoliona jambo hili la kuchagua picha kwa rangi ya mito. Mito hubadilishwa kila Idi na kila Krismasi. Ubao wa mikono ya mtu ukae miaka 40 ukifuata foronya?

Kwingine walifanya kazi safi: korido ina picha ndogo za familia zinazotazamika hata kwenye upana wa mita 1.2, jikoni hawakutundika kitu karibu na mvuke wa mafuta, ukuta wa kibla katika chumba anachoswalia mama wameuacha mtupu, na juu ya kitanda wameweka kanga kwenye fremu nyepesi isiyo na kioo.

Nimeshaandikiwa kwamba bibi zetu nao walitundika juu. Ni kweli, na kwa bibi zetu ndiko ningempeleka mpambaji yule akajifunze. Kumbukeni sebule za Unguja na Tanga: picha ya harusi, pengine iliyopigwa Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, imetundikwa karibu na boriti, na mbele ina kioo. Lakini haikusimama wima. Kamba ilifungwa nyuma, chini ya kichwa cha fremu, ikaachwa ilegee, na picha ikainama mbele kama mtu anayekuangalia ukiwa umekaa mkekani. Mwinamo wa nyuzi 10 huugeuza mng'ao nyuzi 20. Ufanyieni hesabu hiyo ukuta wa Jumamosi: njia ya macho iliyokuwa ikipanda nyuzi 21 kuelekea kwenye taa ingelala karibu sawa na sakafu, ikaishia kwenye ukuta mkavu juu ya dirisha. Madoa matatu yangetoweka. Bibi hakuwa na kifaa cha leza cha kupimia, ila alikaa mkekani, akatazama, akasema, "Iinamishe kidogo," na akatii macho yake.

Nyuma yao zaidi wako mafundi wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazirefuki upendavyo, na mwanga uliingia kutoka uani. Ukutani wakachonga kwa plasta ya chokaa safu za zidaka, na humo zikakaa sahani na bakuli za kaure. Kaure inang'aa kuliko rangi yoyote ya baiskeli. Fundi akaizamisha ndani ya ukuta, kila chombo kikakaa kwenye kivuli chake, na chokaa nyeupe isiyong'aa ikabeba mwanga kuzunguka vyombo vyote. Chombo, ukuta na mwanga vilipangwa pamoja tangu nyumba ikiwa changa. Sisi tunamaliza nyumba, tunapaka rangi, tunazamisha taa, halafu saa ya mwisho tunauliza, "Hapa?"

Ukuta wa kochi nao ungepata haki yake bila kununua kitu. Kanga ile ya chumbani ina sentimita kama 150 kwa 110. Ilazwe juu ya kochi, upana wa theluthi mbili uko tayari, pindo zake zikiwa fremu ya pili. Haina kioo wala mng'ao, kwa hiyo dirisha na taa hazina pa kurudia. Jua litaipausha baada ya miaka, na siku hiyo mama atafungua sanduku atoe nyingine.

Kuhusu chui, kazi ni ndogo. Dakika ya 18 ya kipindi, kijana analiziba tundu la msumari wa zamani kwa plasta, kisha anapaka rangi. Tundu bado lipo chini ya rangi hiyo, nyuma ya daraja la London, karibu kigae kimoja na nusu kutoka kona ya mlango wa jikoni. Mama, mwambie mwanao agonge msumari palepale.