Lenzi ya kuongezea: ipi ununue, ipi uiache dukani

Lenzi za kuongezea kwenye kamera ndogo za kidijitali kwa kawaida huuzwa kwa jozi: moja ya kupanua, imeandikwa 0.45x, nyingine ya kuvuta karibu, imeandikwa 2x. Bei yake inavutia, na nyingi hazistahili hata bei hiyo. Ipo aina moja tu ninayoitetea.

Anza na kamera yenyewe. Canon PowerShot A570 IS, kwa mfano, ina pete inayovuliwa ili bomba la adapta lifungwe hapo, na uzito wa lenzi ukabebwa na mwili wa kamera. Kamera nyingi ndogo hazina nafasi hiyo, kwa hiyo utauziwa pete ya gundi au ya sumaku ya kubandika kwenye lenzi inayotoka na kuingia. Mota yake haikutengenezwa kubeba kioo kizito. Kama kamera yako ni ya namna hiyo, usinunue.

Kisha kishike kioo chini ya taa ya dukani, ukiinamishe taratibu mpaka uone taa ikijirudi ndani yake. Mwanga ukirudi na rangi hafifu ya kijani au zambarau, kioo kimepakwa utando wa kuzuia mng'ao. Ukirudi mweupe mkali kama kwenye kioo cha dirisha, kirudishe kabatini. Huku Njombe kuna ukungu na mbingu nyeupe siku nyingi, na kioo kisicho na utando hufanya picha ipauke hata jua lisipoonekana.

Usikubali kujaribu kwa kupiga picha ya uso wa muuzaji. Katikati ya picha hata kioo kibovu hupendeza. Ubovu hukaa pembeni. Makambako, malori ya kontena yanayoegeshwa kando ya barabara ya Mbeya ni kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu kuta zake zina mistari iliyonyooka kutoka kona hadi kona. Piga bila lenzi, kisha piga nayo, halafu kuza picha na uende moja kwa moja kwenye kona. Mistari imepinda kama pipa? Maandishi yamelowa? Tafuta na ukingo wa paa la bati dhidi ya mawingu: utepe wa zambarau hapo hautaondoka kwenye picha zako zote.

Lenzi nyingi za kupanua huanguka kwenye jaribio hili. Tena kwenye picha ya ukoo harusini, aliyesimama pembeni hutoka mnene kuliko alivyo, na haki ya mteja ni kutoka kama alivyo. Ile ya 2x nayo sioni kazi yake. Picha ya megapikseli 16 ukiikata nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na 4, zinazotosha kuchapa picha safi ya inchi 5 kwa 7.

Ninayoitetea ni lenzi ya kupigia vitu vidogo. Yenye nguvu ya +4, kamera ikiwa imelengwa mbali kabisa, huona vizuri kwa sentimita 25. Ya +2, kwa sentimita 50. Kwa mtu anayepiga chipukizi la chai Luponde, ua la parachichi au doa la ugonjwa kwenye jani ili bwana shamba alitambue, hiki ni kifaa cha kazi. Chagua iliyoundwa kwa vioo viwili au zaidi. Lenzi ya Canon 500D ina viwili. Raynox DCR-250, ya +8, ina vitatu na hushikwa kwa kibanio. Za kioo kimoja huonyesha rangi kwenye kingo. Jaribu kwa kupiga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani.

Ikiwa imetumika, mulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba zilizosambaa kama mizizi ni kuvu, na kuvu iliyoingia katikati ya vioo haifutiki kwa kitambaa. Hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa.