Jinsi Linux Ilivyoizuia Kompaila Kufuta Ulinzi

Simu ya Android inayotuma pesa sokoni Kasulu au Kibondo inaendeshwa na kiini cha Linux. Kiini hicho kimeandikwa zaidi kwa lugha ya C, na kompaila ndiyo inayokigeuza kuwa maagizo ya mashine. Katika kazi hiyo kompaila hupanga maagizo upya na kufuta kile inachoona hakihitajiki, ili programu iende kasi. Mwaka 2009 ilifuta ukaguzi wa usalama.

Kasoro ilikuwa kwenye kiendeshi cha TUN, kinachopitisha data za VPN. Katika toleo la 2.6.30, msimbo ulisoma data kupitia kielekezi, yaani anwani ya data kwenye kumbukumbu, kisha ndipo ukauliza kama kielekezi chenyewe ni tupu. GCC, kompaila iliyotumika, ikafuata kanuni za C: kielekezi tupu hakisomwi; hiki kimeshasomwa; basi si tupu, na swali lifutwe.

Katika programu ya kawaida hoja hiyo haidhuru, kwani inayogusa anwani sifuri, ambako kielekezi tupu huelekeza, kwa kawaida huanguka papo hapo. Ndani ya kiini ilikuwa hatari. Mshambuliaji aliyefanikiwa kuweka kumbukumbu yake kwenye anwani hiyo alikilisha kiini data alizozipanga mwenyewe. Julai mwaka huo Brad Spengler alionyesha jinsi mtumiaji wa kawaida anavyoweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine.

Tiba ilikuwa na sehemu mbili. Ukaguzi ulitangulizwa, usomaji ukafuata. Kisha kwenye maelekezo ya kukompaili kiini chote likaongezwa chaguo -fno-delete-null-pointer-checks, linaloikataza GCC kufuta ukaguzi wa aina hiyo popote. Kinga kama hii huingia kiini kinapokompailiwa. Mwenye simu Kibondo huipata tu mtengenezaji akitoa sasisho.

Ufunguo wa siri wa kusimba data ulileta tatizo jingine. Ukishatumika, msimbo huufunika kwa sifuri. Kompaila ikiona sifuri hizo hazisomwi tena, huacha kuziandika, na ufunguo hubaki kwenye kumbukumbu. Mwaka 2014 ikaongezwa kwenye Linux funksheni memzero_explicit: huandika sifuri, kisha huweka kizuizi kisichozalisha agizo lolote la mashine, ila huilazimisha kompaila ichukulie kwamba kumbukumbu hiyo inaweza kusomwa tena.

Kuzima uboreshaji wote wa kompaila hakukuwezekana. Baadhi ya sehemu za Linux hutegemea kompaila iondoe matawi ya msimbo yasiyofikika; yakibaki, kiini hakikamiliki kuundwa. Ndiyo maana kila marufuku huwekwa kwa kipimo, dhidi tu ya uboreshaji uliojulikana kuwa wa hatari.