Kaburi la Salme Huko Ohlsdorf

Mava ya Ohlsdorf, mjini Hamburg, yalifunguliwa mwaka 1877, na ukubwa wake, hekta zipatazo 389, humtia mgeni wasiwasi kabla ya kumtia huzuni. Ni bustani zaidi kuliko makaburi: mabwawa, miti mikubwa, na barabara zinazopitiwa na mabasi ya abiria. Mtalii wa kawaida huzunguka humo na ramani mkononi akitafuta majina mashuhuri. Atokaye Unguja hana haja ya majina mengi. Analo moja tu.

Jina hilo ni Emily Ruete, aliyezaliwa mwaka 1844 akaitwa Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara wa Kijerumani, akafiwa na mumewe mwaka 1870, akafariki Jena mwaka 1924. Kisa hiki kila mtembeza wageni wa Mji Mkongwe anakijua kwa moyo, wala hapana haja ya kukirefusha. Linalohitaji kusomwa ni jiwe.

Juu ya jiwe hilo yamechongwa maneno kutoka shairi la masimulizi la Theodor Fontane, "Archibald Douglas". Wageni huyapokea kama sifa ya kawaida ya maiti: kwamba marehemu aliipenda nchi yake. Alijuaye shairi zima hushtuka. Humo bwana mmoja wa Uskochi, aliyefukuzwa kwa sababu ya uadui wa ukoo wake na mfalme, anamwendea mfalme huyo aliyepanda farasi, anashika hatamu, anasihi arudishwe nyumbani japo kwa kazi ya kumtunza farasi, au auawe papo hapo. Mfalme anamsamehe. Na maneno yaliyo juu ya kaburi la Salme, ndani ya shairi, hutamkwa na mfalme.

Mfalme wa Salme alikuwa nani basi? Alikuwa kaka yake, Sayyid Barghash. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na manowari za Wajerumani, ambao walikuwa na hesabu zao wenyewe, akidai urithi wake. Barghash hakukubali kuonana naye. Mwaka 1888 alikuja tena, Barghash keshakufa, na bado hakuambulia kitu. Jiwe, kwa hiyo, linatoa msamaha ambao kasri haikuutoa. Ni uchaguzi wa busara na wa uchungu pia, maana msamaha huo umeandikwa kwa Kijerumani, katika ardhi ya ugenini, na aliyepaswa kuutamka hayumo.

Lakini mgeni wa visiwani haishii kwenye maneno hayo. Analolijia hasa ni mchanga. Husimuliwa kwamba Salme alizikwa pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja alioutunza miaka yote. Simulizi hiyo ni nzuri mno, na hapo ndipo penye tatizo: mchanga umekifunika kitabu. Kumbukumbu zake zilizotoka Berlin mwaka 1886 zina sura nzima juu ya utumwa, naye anautetea. Na aliyoyaandika juu ya watu weusi hayasomeki bila uso kuwaka. Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja jina lake, kisha jina likaondolewa kwa ajili ya kurasa hizo hizo. Wajerumani wamezisoma. Huku kwetu, ambako wengi ni wajukuu wa waliochuma karafuu za mabwana, binti mfalme amebaki kuwa kisa cha mapenzi, cha kusimuliwa wageni jioni.

Haina maana kwamba asizuriwe. Wapo wanaosita kaburini hapo, hawajui kama inafaa kumsomea Fatiha aliyebatizwa. Hilo ni la wanazuoni. La msomaji ni kwenda na kitabu chenyewe, si kijitabu cha watalii, na kuifungua sura hiyo papo hapo, mbele ya jiwe. Mwanamke aliyelia kwa kukosa nchi ndiye aliyeandika kwamba waliotekwa kutoka nchi zao hawakuwa na la kulalamikia sana. Yote mawili yaliandikwa kwa mkono mmoja, ndani ya jalada moja.