Baruti ya Kutosha

Karatasi ya shabaha haikimbii wala haijihami. Imetundikwa yadi 25 au 50 mbele yako, na tundu la risasi iliyofika kwa mita 210 kwa sekunde lina thamani ileile ya tundu la risasi iliyofika kwa mwendo wa karibu mara mbili. Mhesabu alama hana ziada ya kumpa mwenye haraka. Jambo hili liko wazi, lakini wenye bastola wengi hawalikubali. Dukani huchagua boksi lenye maneno makali, kisha huenda uwanjani kupigwa mateke na silaha yao wenyewe mpaka kiganja kinawaka moto, na karatasi inarudi na matundu yaliyotawanyika kila pembe.

Ninaowasifu mimi ni watu wa namna nyingine. Wako hapa Blaine, mji wa kaskazini mwa Minneapolis na Saint Paul, na wako katika miji mingine mingi ya Marekani: walenga shabaha wanaojaza risasi zao kwa mkono, na wanapojaza, huchagua kiasi cha upole. Usiku wa Januari, wakati baridi ya Minnesota inaposhuka hata nyuzi 15 chini ya sifuri na hakuna wa kutoka nje bila sababu, wao hushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, huwasha taa juu ya meza ya kazi, na simu huiacha ghorofani. Ganda lililokwisha kutumika husafishwa, hubanwa lirudie kipimo chake, kiwashio chake kilichoungua, yaani fataki, hutolewa na kipya kikaingizwa. Mdomo wa ganda hupanuliwa kidogo, baruti iliyopimwa humiminwa, kichwa cha risasi hukalishwa juu, ukingo hurudishwa ndani. Karibu kila hatua ni mvuto mmoja wa mpini wa mashine ya kujazia. Mtazamaji huchoka mapema. Mwenye kazi anaweza kukesha.

Blaine ni mahali panapofaa kuizungumzia kazi hii, maana risasi ni uchumi wa jirani. Sehemu kubwa ya mji imo katika Kaunti ya Anoka, na huko Anoka kwenyewe ndiko kiwanda cha Federal kilikoanzishwa mwaka 1922 chini ya Charles Horn. Kinaendelea kutengeneza risasi hadi leo, zikiwemo zile za mashindano ambazo wajazaji huzichukua kuwa kipimo cha kazi yao. Fataki zake pia zina sifa miongoni mwa walenga shabaha: ni nyepesi kuwaka, kwa hiyo rivolva iliyolegezwa nyundo huzipenda. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, serikali ilijenga mwaka 1941 kiwanda kikubwa cha risasi upande wa New Brighton na Arden Hills, kusini tu mwa Blaine, na Federal ndiyo iliyokiendesha. Horn alimwajiri Cecil Newman, mhariri wa gazeti la Weusi la Minneapolis, amsaidie kuwapatia watu weusi kazi humo, wakati ambapo milango mingi ya viwanda ilikuwa imefungwa mbele yao. Habari hii inastahili kujulikana na Waafrika Mashariki waliohamia huku miaka mingi baadaye, ingawa kiwanda hichohicho kiliacha sumu katika maji ya chini ya ardhi, na mwaka 1983 eneo lake likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kusafishwa.

Turudi mezani. Kuna rivolva ya .357 Magnum, ambayo hukubali pia risasi ya .38 Special. Uzito hapa hupimwa kwa greni, kipimo kidogo ambacho 7,000 zake ndizo hufanya ratili moja. Risasi kali ya Magnum hurusha kichwa cha greni 158 kwa futi 1,200 na zaidi kwa sekunde. Risasi ya shabaha ya .38 hurusha kichwa bapa cha greni 148 kwa futi 700 hivi. Zidisha uzito kwa mwendo, utaona msukumo wa ya pili ni kama nusu tu ya ule wa kwanza. Bastola ni ileile na mkono ni uleule, lakini aliyepiga hamsini za aina ya kwanza na aliyepiga hamsini za aina ya pili hawarudi nyumbani na mkono wa hali moja.

Maumivu yenyewe si kitu sana, mtu huyazoea. Kinachoharibu ni hofu. Mkono uliokwisha kupigwa teke hujifunza kulikwepa, na kwa kuwa teke huja na mlio, mkono huanza kukwepa kabla ya mlio. Kidole kinavuta kifyatulio, kiganja kinasukuma mbele, mtutu unainama kwa kiasi kisichoonekana, na risasi inatua chini ya duara. Mpigaji mwenyewe huapa kwamba alitulia. Mshtuko huu hauondoki kwa kukaripiwa na mwalimu. Nijuavyo mimi, dawa yake ni kuupa mkono jambo lisilotisha mara nyingi mpaka usahau. Risasi ya upole hufanya kazi hiyo. Kichwa chake bapa kina faida nyingine tena: hukata karatasi tundu la mviringo lenye ukingo safi, wala hakiirarui, kwa hiyo hakuna ubishi alama zinapohesabiwa.

Katika shindano la Kimarekani liitwalo 2700, mpigaji kwa desturi husimama na kunyoosha mkono mmoja tu. Hupiga risasi 270 kwa jumla: 90 za .22, 90 za bastola ya fataki ya katikati, 90 za .45. Nyingine hupigwa taratibu kutoka yadi 50, nyingine tano kwa sekunde 20, nyingine tano kwa sekunde 10. Duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8 na nusu hivi. Katika sekunde 10 hizo mshindi ni yule ambaye bastola yake inarejea palepale ilipokuwa, mara tano. Fundi wa bao hapigi kete kwa kishindo; huziweka, na mchezo unaliwa. Wapigaji wengi wa .45 huja na maboksi mawili: moja lina risasi zenye nguvu kidogo zaidi kwa ajili ya yadi 50, jingine laini kabisa kwa yadi 25. Uhuru huo wa kukata nguvu kulingana na umbali hauuzwi kwa urahisi dukani, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kuu ya kuwa na meza ile chini ya nyumba. Watu hutaja kwanza kupunguza gharama. Mimi siiamini sana sababu hiyo, maana waliookoa senti kwa kila risasi huishia kupiga risasi mara mbili.

Upole nao una sakafu yake, na hapa ndipo kazi inapodai akili. Bastola ya .45 iliyobuniwa na John Browning, ile ya mwaka 1911, hujipakia yenyewe kwa kutumia lile teke. Ukipunguza baruti mno, sehemu ya juu hairudi nyuma vya kutosha, ganda tupu linang'ang'ania mlangoni, na zamu yako imekwisha huku jirani akiendelea kupiga. Springi ya kawaida ya bastola hiyo ni ya ratili 16. Mwenye risasi laini huweka iliyo dhaifu zaidi, kisha hujaribu, husikiliza, hutazama maganda yanaangukia wapi. Anatafuta kiasi kidogo kabisa ambacho chuma bado kinakitii.

Rivolva haina dai hilo, kwa hiyo humshawishi mtu kushuka chini zaidi. Asishuke. Risasi isiyo na nguvu ya kutosha hukwama ndani ya mtutu, na inayofuata ikipigwa nyuma yake, mtutu huvimba au hupasuka. Mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, simama, toa zilizobaki, pitisha ufito kwenye mtutu uhakikishe uko wazi. Vitabu vya watengenezaji wa baruti huandika kiasi cha chini na cha juu, na mwenye adabu hukaa kati ya mistari hiyo.

Hatari ya pili imezaliwa na historia ya ganda lenyewe. .38 Special ni ya mwishoni mwa karne ya 19 na ilirithi urefu wake kutoka enzi za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo inayoungua haraka, kama ile iitwayo Bullseye, inahitaji chini ya greni tatu tu kwa risasi ya shabaha. Ni punje zinazofunika kitako cha ganda, na juu yake pamebaki nafasi ya kumeza kipimo cha pili bila kujaa. Ukijisahau ukamimina mara mbili, hutengenezi risasi ya upole tena. Ndiyo maana mafundi huyapanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, wakayamulika kwa taa yote kabla ya kukalisha kichwa kimoja. Hewa kavu ya majira ya baridi huongeza usumbufu wake: umeme tuli hufanya punje zing'ang'anie faneli ya plastiki, kisha zidondoke baadaye penye ganda lisilo lake. Na kwa kuwa vichwa vingi vya risasi pole ni vya madini ya risasi matupu, hakuna kula mezani, wala mkono hauendi mdomoni kabla ya kunawa kwa sabuni.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana sababu ya kuiona kazi hii kuwa ya kigeni. Baruti ya Marekani ilikwisha kufika kwetu zamani. Mkataba ambao Sayyid Said alitiliana sahihi na Wamarekani mwaka 1833 uliwaachia wafanyabiashara wao bidhaa zote, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo Unguja zilipaswa kuuzwa kwa serikali peke yake. Sultani alijua ni kitu gani kisichofaa kuachiwa kila mkono. Na wawindaji wa bara waliotumia gobore walikuwa wajazaji wa risasi kila walipopiga: baruti, kizibo, marisau, mdeki. Aliyezidisha alijiumiza, aliyepunguza alimkimbiza mnyama, na hapakuwa na mizani ya kumwamulia.

Sheria zinatofautiana. Marekani mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha hahitaji leseni ya serikali kuu kujijazia risasi za matumizi yake, ila akitaka kuziuza kama biashara lazima awe nayo. Kenya na Tanzania utengenezaji wa risasi bila kibali ni kosa, kwa hiyo msomaji wa huko aishie kwenye kusoma. Wa huku, anza na kitabu na mwalimu, pima kila kitu mara mbili, na risasi ulizojaza kwa mkono wako zipige mwenyewe: usimgawie rafiki hata akikuomba uwanjani, na ukipewa za mwenzako, kataa kwa adabu.