Diski Ipo, Haionekani Tu

Kisakinishi cha Linux ya Debian kikikosa diski hakipigi kelele. Kinasimama, kinasema hakuna diski iliyopatikana, halafu kinakuletea orodha ndefu ya majina ya draiva na kukuomba uchague ifaayo, ukiwa unaijua. Hapo ndipo mafundi huachana njia. Yuko atakayekuambia papo hapo kwamba diski imekufa na bei ya nyingine ni hii. Yuko atakayejaribu majina ya orodha hiyo moja baada ya jingine, akibahatisha. Na yuko huyu ninayetaka kumsifu, aliyeondoa mikono kwenye kibodi na kumgeukia mwenye mashine.

"Mwalimu, hii mashine leo asubuhi ilikuwa inawaka na Windows?"

"Ilikuwa inawaka, fundi. Hata jana usiku nimeandikia ripoti za wanafunzi humo."

"Basi diski iko. Tumtafute anayeshindwa kuiona."

Kibanda chake kiko Umoja, karibu na soko la Mutindwa, kimebanwa kati ya wakala wa M-Pesa na kinyozi. Ukishika njia kutoka Buruburu hadi Kayole hutakosa vibanda vya namna hiyo: meza moja, soketi nyingi, chaja zimening'inia ukutani, na laptopu zimepangwa kwa kusimama kama vitabu. Nyingi ni za ex-UK, yaani zilitumika maofisini Uingereza kabla ya kufika huku. Kazi ya kuzipa mashine hizi maisha ya pili ina mizizi Nairobi. Computers for Schools Kenya ilianza mwaka 2002 kuandaa kompyuta zilizokwisha kutumika na kuzipeleka shuleni, na wakati huo wengi wa wanaoshika bisibisi leo vibandani walikuwa bado watoto.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kazi hiyo imeongezeka uzito, kwa sababu siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na za kizazi cha saba ni chache mno zilizokubaliwa. Mashine ya mwalimu ni ya kizazi cha saba. Kibodi yake nzima, skrini safi, diski yake ya NVMe ina kasi, na ana mtihani wa kuandaa. Hana sababu ya kuitupa. Alitaka awekewe Linux kando ya Windows, azoee polepole, ndipo ahamie kabisa.

Ufundi ninaousifu ni wa kupanga maswali. Swali la kwanza huulizwa BIOS, kwa kuwa BIOS huamka kabla ya Windows na kabla ya Linux. Fundi alizima mashine, akaiwasha akigonga F2, akatafuta ukurasa wa vifaa. Diski ilikuwa imeandikwa pale, jina na ukubwa wake, gigabaiti 256. Jibu hilo moja lilifuta nusu ya mashaka: diski imekaa vizuri, inapata umeme, inaitika ikiitwa.

Ingekuwa BIOS nayo haioni, angeshika bisibisi. Diski hizi za M.2 nyingi zina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na zinashikiliwa na skrubu moja ndogo kuliko punje ya mchele. Skrubu hiyo ikilegea, meno ya dhahabu ya diski yanajitoa kidogo kwenye tundu na mashine nzima inakosa diski. Nimemwona akiichomoa diski ya namna hiyo, akayapangusa meno kwa spiriti, akairudisha ikiwa imeinama kidogo kisha akailaza na kuikaza, na kazi ikaishia hapo. Nimemwona pia akimrudishia kijana diski aliyoinunua kwingine bila hata kuwasha mashine, kwa sababu alihesabu mapengo kwenye meno yake. Mapengo mawili, na tundu la mashine ile lilikuwa la NVMe pekee. Diski za M.2 za SATA huwa na mapengo mawili. Za NVMe aghalabu huwa na moja. Ya SATA inaingia sawasawa kwenye tundu hilo, skrubu inakaza vizuri, na hakuna kitakachosoma.

Lakini ya mwalimu ilionekana BIOS, kwa hiyo swali likahamia kwa kerneli, moyo wa Linux. Fundi akachomeka flashi nyingine, yenye Linux inayojiendesha humo humo bila kugusa diski, akafungua dirisha la amri na kuandika lspci -nn. Amri hiyo huorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa na ubao mkuu kwa njia ya PCI, kila kimoja na namba ya aina yake kwenye mabano. 0106 ni kidhibiti cha SATA kinachozungumza lugha ya AHCI. 0108 ni diski ya NVMe. 0104 ni RAID. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari bila kugusa kioo, na midomo yake ilikuwa ikisoma namba peke yake, ikiruka majina. 0108 haikuwepo popote. Ilikuwepo 0104.

Angeweza kusimama hapo, maana alishajua. Hakusimama. Aliandika dmesg, akachuja maandishi yake, na humo kerneli yenyewe ikatoa ushahidi: imekuta kifaa kimoja cha NVMe kilichohamishwa mahali pake, na inashauri BIOS itolewe kwenye RAID ipelekwe AHCI. Taarifa hiyo hukaa kwenye kumbukumbu za mashine, na kisakinishi hakikuifikisha kwenye skrini ya mwalimu. Kisakinishi cha Ubuntu kimejifunza kusimama na kumwambia mtu azime RST. Vingine vinakuacha na orodha tupu.

RST ni mpango wa Intel wa kusimamia diski. Ukiwashwa, yaani BIOS ikiwekwa RAID, kwenye mashine za rika la hii ya mwalimu, kidhibiti cha SATA huimeza diski ya NVMe na kuifanya ionekane kama sehemu yake. Windows ina draiva ya Intel inayojua kuiuliza humo ndani. Linux haina, hivyo inafika mlangoni, inamwona msimamizi, na haioni kilicho nyuma yake. Jambo hili liliwahi kuzua mzozo wa wazi mwaka 2016, wanunuzi wa Yoga 900 ya Lenovo walipogundua kwamba BIOS ya mashine hiyo haikuwapa hata nafasi ya kuchagua AHCI. Mwaka huo huo Lenovo ikatoa BIOS nyingine kwa ajili ya wanaotaka Linux. Na haliishii kwa Linux. Kuanzia prosesa za kizazi cha 11, Intel ilileta kwenye laptopu mpango mwingine uitwao VMD, na hapo hata flashi ya kuweka Windows yenyewe hukuta orodha tupu mpaka upakie draiva. Kerneli mpya za Linux zinaifahamu VMD. Za zamani zinapotea.

Sasa dawa imejulikana: ingia BIOS, toa RAID, weka AHCI. Ni kubonyeza mara moja, na ni hapa ambapo mtu mwenye haraka huharibu. Windows iliyozoea RAID, ukiibadilishia ghafla, huwaka hadi katikati na kukuletea skrini ya buluu ikisema haiwezi kuifikia diski inayoanzia. Mwenye mashine huamini data zake zimekwenda, na fundi asiyeelewa huamini hivyo pia, halafu anafuta kila kitu ili aanze upya. Ripoti za darasa zima hupotea namna hiyo, na diski haikuwa na kosa lolote.

Fundi huyu alirudi nyuma kwanza. Alimwomba mwalimu diski ya nje, akanakili faili zake zote, kisha akamfanya azifungue mbili tatu kutoka kwenye nakala ahakikishe zinasomeka. Akaangalia kama BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, imewashwa. Ilikuwa imewashwa, mwalimu hakujua. Wakautafuta ufunguo wa kufufulia, zile tarakimu 48, kwenye akaunti ya mwalimu ya Microsoft, naye akaunakili kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe, ndipo fundi akaisimamisha BitLocker kwa muda. Baadaye akaingia msconfig, akaiagiza Windows iwake kwa hali salama safari ijayo. Ndipo akaenda BIOS, akaweka AHCI, akahifadhi.

Windows ikawaka kwa hali salama, ikaijua draiva mpya, ikatulia. Akaondoa lile agizo, akaiwasha tena kama kawaida ili mwalimu aone ripoti zake ziko pale pale. Kisha akapunguza eneo la Windows akitumia zana za Windows yenyewe, akazima ule uwashaji wa haraka unaoacha diski nusu usingizini, na kurudisha flashi ya Debian. Safari hii orodha ilikuja na mstari mmoja, nvme0n1, na eneo tupu mwishoni likisubiri.

Haya yote yalikula mchana mzuri. Wateja wawili walikuja kutaka chaja, wakahudumiwa bila kazi kuvurugika, kwa sababu kila hatua aliyomaliza alikuwa ameiandika kwenye kipande cha karatasi kando ya kibodi. Kwangu karatasi hiyo ni sehemu ya ufundi sawa na bisibisi. Bila hiyo asingekumbuka kama lile agizo la hali salama ameliondoa au bado, na katika kazi hii hatua iliyorukwa hujitokeza wiki ijayo, mashine ikiwa nyumbani kwa mtu.

Wakati Debian inajinakili, aligeukia jambo ambalo mwalimu hakuliulizia. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya BIOS, na mashine hii ina miaka yake. Betri hiyo ikiisha, BIOS inaweza kusahau kila ilichoambiwa na kurudi ilivyotoka kiwandani, yaani RAID. Siku hiyo Linux haitawaka, Windows nayo italeta skrini ya buluu, na mtu atasema diski imekufa. Kwa hiyo Debian ilipomaliza alizima mashine, akaifungua, akaibadilisha betri, akairudisha kwenye AHCI na kuiwasha kwa zamu, Linux kisha Windows. Halafu akakata kipande cha selotepu ya karatasi, akaandika kwa kalamu nzito: "BIOS iwe AHCI, si RAID", pamoja na tarehe, akakibandika chini ya mashine.

"Si ningekiweka tu nyumbani pamoja na risiti?" mwalimu akauliza.

"Hapana, mwalimu. Kikae hapo hapo. Atakayeifungua siku hiyo huenda si mimi."