Kompyuta ya gemu Kayanga: hesabu ianzie kwenye wati

Kadi ya grafiki ilifika Kayanga kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa kwenye khanga kuukuu ndani ya boksi la sabuni. Mpwa wangu akaifungua, akaipuliza vumbi, akaigeuza ubavu mmoja hadi mwingine, kisha akanyamaza. "Mjomba," akasema baadaye, "hii inataka waya wake wa umeme. CPU yetu haina."

Mtaani kasha zima tunaliita CPU, ingawa CPU hasa ni prosesa, kile kipande kidogo kilichojificha chini ya feni. CPU yetu ilikuwa Dell OptiPlex ya mtumba, iliyostaafu kazi za ofisini. Kadi ilikuwa RX 580 ya AMD, toleo la 2017, yenye gigabaiti 8. Kadi za namna hiyo ziliuzwa kwa wingi baada ya Septemba 2022, pale Ethereum ilipoacha uchimbaji unaotegemea kadi za grafiki. Tuliona gigabaiti 8, tukaona bei, tukatuma hela. Hatukuuliza wati. RX 580 inataka wati 185 peke yake, na waya wa pini nane. Pawa saplai yetu ilikuwa ya wati 260 kwa mashine nzima, na waya huo haikuwa nao. Kosa lilikuwa letu, na kadi tuliiuza kwa hasara.

Awamu ya pili tuliianza upande wa pili: umeme kwanza, kadi mwisho.

Swali la kwanza lilikuwa kama tuiache Dell tuunganishe mashine mpya, kipande kwa kipande. Njia hiyo ina sifa zake. Prosesa kama Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani, na pawa saplai ya kawaida unaweza kuibadilisha siku yoyote. Lakini kompyuta ya vipande haiwaki mpaka vyote viwepo: prosesa, mazabodi, RAM, diski, pawa saplai, kasha. Kikikosekana kimoja, umenunua vyuma. Na kisipoelewana na mwenzake, duka liko Kariakoo, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kampala kupitia Mutukula ni karibu zaidi, lakini ni nchi nyingine.

Kuna na suala la fedha. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, wilaya za Karagwe na Kyerwa, hela ya maana huingia msimu wa kahawa, halafu inakuwa kungoja. Kompyuta ya ofisini inaendana na kalenda hiyo. Msimu huu unanunua mashine, inawaka siku hiyohiyo, mtoto anajifunza na kucheza gemu nyepesi kama GTA San Andreas kwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Kadi inakuja baadaye. Tukabaki na Dell.

Anayenunua mashine kama hii aangalie mambo mawili. La kwanza ni umbo. Jina OptiPlex hubeba maumbo kadhaa. Lile dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu kinene, halina pa kuchomeka kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani. Lile jembamba linapokea kadi fupi tu, ambazo ni adimu. Lile refu la kusimama linapokea kadi ya kawaida, na ndilo la kununua.

La pili ni kizazi cha prosesa. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. Soma tarakimu baada ya kistari: i5-7500 ni kizazi cha saba, i5-8500 ni cha nane. Yetu ni i5-8500, yenye viini sita.

Sasa kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa hadi wati 75 bila waya wa ziada. Ukibaki ndani ya 75, pawa saplai ya ofisini haikusumbui. Tulichagua GTX 1650 ya NVIDIA, iliyotoka 2019, gigabaiti 4, wati 75. Angalizo: baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini sita, kwa hiyo omba picha ya ubavu wa kadi kabla ya kulipa.

Hesabu ikawa hivi: prosesa 65, kadi 75, na vilivyobaki vyote tukavipa 40. Jumla 180 kati ya 260. Zile 80 zinazobaki zina kazi yake, maana prosesa ikibanwa huruka juu ya 65 kwa muda. Kwa LUKU, saa tatu za gemu kila siku kwa wati 180 ni kama uniti 16 kwa mwezi, bila kioo.

RAM tuliweka vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili hupitisha data kwa njia mbili sambamba. Diski ni SSD. Usichukue ndogo: EA Sports FC 24 peke yake inataka gigabaiti 100. Kuipakua kwa bando ni kuchoma hela. Kama gemu umeinunua Steam, nakili mafaili kutoka diski ya rafiki, kisha Steam itakagua na kushusha yaliyopungua tu.

Ukimaliza kasha, kumbuka ukuta. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme ulionunuliwa Uganda kupitia Masaka, na kila aliyeishi huku anajua taa inavyofifia jioni. UPS yenye kusawazisha umeme ihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo. Ila 650 VA si wati 650. Nyingi za namna hiyo hutoa karibu 360. Kwa kompyuta yetu na kioo chake zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.

Hukumu yangu: FC 24 inataka angalau GTX 1050 Ti, na GTX 1650 iko juu yake. GTA V haisumbui. Gemu nzito za miaka hii haiziwezi, na hapo ndipo mwisho wa njia, kwa kuwa pawa saplai na mazabodi za Dell zina maumbo yao na hazibadilishiki kirahisi. Kwa kompyuta ya kwanza, hilo nalikubali.

Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji afungue kasha na akupigie picha ya lebo ya pawa saplai. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.